Anatoka kama mshale, mzunguko wa pili anatembea

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 8. Mashindano ya shuleni kwao ni mizunguko miwili ya uwanja. Filimbi ikilia anatoka kama mshale, anawaacha wote, na mimi nashangilia. Mzunguko wa pili anashika mbavu, anatembea, wenzake wanampita mmoja mmoja. Baba yake anasema mtoto hana moyo, mbona Filbert Bayi aliongoza mwanzo mpaka mwisho akavunja rekodi ya dunia? Je, mwanangu ni dhaifu?
Mama wa watatu, Babati

JIBU: Marahaba, mama. Moyo anao, tena mwingi, ila anaumaliza wote kwenye kona ya kwanza. Nimefundisha michezo shule za msingi miaka 26, na wa umri huo karibu wote hukimbia hivyo. Kwake "mizunguko miwili" ni maneno tu, hayajaingia miguuni. Wakifika miaka 11 au 12 wengi huanza wenyewe kujibana mwanzoni ili wabaki na cha kufyatukia mwishoni.

Mimi nami nilikosea kwa muda mrefu. Nilikuwa nasimama pembeni napiga kelele, "Polepole! Polepole!" Mtoto akisikia hivyo anatembea, maana ana gia mbili tu. Siku moja nikawaambia: leo hatumtafuti wa kwanza. Mshindi ni ambaye mzunguko wake wa pili utalingana na wa kwanza. Bingwa wetu alichomoka kama kawaida, mzunguko wa pili ukazidi wa kwanza kwa sekunde karibu 40. Daftari la zawadi likaenda kwa binti mmoja mwembamba ambaye hakuwahi kushinda kitu. Tofauti yake sekunde 3. Nikamuuliza amefanyaje. "Nilikuwa naimba mchakamchaka moyoni."

Nilijiona mjinga. Kila alfajiri watoto wale wale walikimbia mchakamchaka mbele yangu, wanaimba na kupokezana, na hakuna aliyeshika mbavu. Huwezi kuitikia wimbo huku unahema kama mbwa.

Basi jioni kimbia naye, aimbe kwa sauti au ataje tebo ya mbili. Sauti ikikatika kabla ya mbili mara sita, apunguze. Hiyo ndiyo kasi yake ya mzunguko wa kwanza. Kona ya mwisho anyamaze, afyatuke.

Kichomi kikimshika apunguze mwendo na avute pumzi ndefu; na asile ugali akaingia uwanjani hapo hapo. Ila kifua kikipiga miluzi, au akiumia hata akitembea, mpeleke kwa daktari.

Kuhusu Bayi, baba yake yuko sahihi nusu. Christchurch, New Zealand, 1974, mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2. Aliongoza kweli, lakini alikuwa na miaka 20 na anajua pumzi zake zinafika wapi. Mpinzani wake John Walker, wa New Zealand, alimfukuzia mpaka mwisho asimpate. Na Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, gari lilikuwa mbele yake likimulika mistari barabarani kumwonyesha kasi. Mtu mzima yule, bingwa wa Olimpiki, na bado wanammulikia! Wako wa miaka 8 atajuaje peke yake?

Jumamosi mwombe baba yake naye akimbie mizunguko hiyo miwili, huku anataja tebo. Uniandikie alifika mbili mara ngapi.