Masta ya sheria ya bahari: kabla ya vifungu, tafuta ramani

Wadau mnaoanza masta ya sera na sheria za bahari mwaka huu, naandika haya kwa sababu kila msimu wa maombi maswali ni yaleyale, na nusu ya wanaouliza hata hawajajua wameomba kusoma nini.

Maana kuna sheria ya bahari yenyewe, hii ya mataifa, mipaka, uvuvi, nani ana haki gani umbali gani kutoka pwani, halafu kuna sheria ya meli na biashara yake, shehena, bima, meli kugongana, mabaharia kudai mishahara. Ni vitu viwili. Mtu anataka kesi za mipaka anajikuta semesta nzima yuko kwenye mikataba ya kukodi meli. WMU, chuo kikuu cha mambo ya meli na bahari kule Malmö, Uswidi, na IMLI, taasisi ya sheria ya bahari na meli kule Malta, zote zilianzishwa na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa meli, miaka ya 80, na zina nguvu sana upande wa meli, bandari na usalama, IMLI mpaka unaandika muswada wa kuingiza mkataba kwenye sheria ya nchi yako, kitu ambacho ukirudi wizarani unakitumia kwelikweli. Tromsø kule Norway ndo wana digrii ya sheria ya bahari hasa, ila tangu 2023 vyuo vya umma vya Norway vinatoza ada kwa wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo yule anayekwambia Norway bure anakwambia habari za zamani. Fungua orodha ya masomo, soma somo moja moja, jina la digrii lisikudanganye.

Haya, umeshafika. Ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 una vifungu 320 na viambatisho 9, usianze cha kwanza ukaenda hivyohivyo mpaka mwisho, utachoka kabla ya mia. Anza sehemu ya 2 (bahari ya kitaifa), ya 5 (ukanda wa kiuchumi, ambako nchi ina haki ya samaki na rasilimali), ya 6 (sakafu ya bahari ya nchi) na ya 15 (kusuluhisha migogoro), na uwe na ramani ya baharini mezani pamoja na rula. Maili 12 za bahari ya kitaifa, maili 24 za ukanda unaofuata, maili 200 za ukanda wa kiuchumi kila mtu anazikariri, lakini uliza zinahesabiwa kuanzia wapi, hapo darasa zima linakuwa kimya. Wanasheria tunakimbia namba, mabaharia wanakimbia vifungu, na huku vyote viwili vinatakiwa kwa mpigo.

Chukua kesi ya Somalia na Kenya, hukumu ya Mahakama ya Haki ya Kimataifa ya Oktoba 12, 2021. Mtaani ilikuwa mafuta na siasa tu, ila ukiisoma na ramani pembeni unaona ni kesi ya umbo la pwani. Kenya inasema mpaka unyooke kwenda mashariki kufuata latitudo, na kwamba Somalia ilishakubali kwa kukaa kimya tangu tangazo la Kenya la 1979. Somalia inasema mstari uwe wa katikati, yaani umbali sawa kutoka pwani zote mbili, na kwa jinsi pwani ilivyolala pale mstari wa katikati unashuka kusini mashariki, eneo linalobaki hapo kati ndo lote la ugomvi. Mahakama ikaikataa hoja ya ukimya. Na kati ya vitu vilivyoiumiza Kenya ni sheria yake yenyewe ya 1989, iliyosema mpaka wa ukanda wa kiuchumi na Somalia utatangazwa kufuatana na makubaliano ya nchi hizo mbili, sasa makubaliano yako wapi? Halafu Mahakama ikachora mstari wa katikati na kuusogeza kaskazini kidogo kuisaidia Kenya, kwa sababu ukitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja imebonyea, na Pemba inazidi kuibana Kenya. Sisi Watanzania tulikuwa tunaiangalia kama kesi ya majirani kumbe kisiwa chetu kimo humo ndani! Lakini mpaka ambao Kenya ilikubaliana na Tanzania 1976, mahakama ikasema hayo ni yenu wawili, hayamhusu Somalia. Bila ramani hiyo sehemu ya Pemba unairuka tu, na ndo sehemu tamu kuliko zote.

Upande wa sera, soma ile tuliyoizoea kama kesi ya samaki wa Magufuli, wakati huo akiwa waziri wa uvuvi, meli ya kigeni ya Tawariq 1 iliyokamatwa 2009 kwa kuvua kwenye ukanda wa kiuchumi wa Tanzania. Kifungu cha 73 cha ule Mkataba kinaruhusu nchi kukamata meli inayovua kwenye ukanda wake, ila meli na mabaharia waachiwe haraka wakiweka dhamana, na adhabu isiwe kifungo kama nchi husika hazijakubaliana hivyo. Linganisha na watu waliokaa mahabusu miaka kadhaa mpaka Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu 2014. Tanzania iliridhia mkataba tangu 1985. Sasa kaa uulize kati ya doria, mwendesha mashtaka na wizara, nani alitakiwa kukumbuka kifungu hicho na saa ngapi? Hiyo ni tasnifu tayari, mimi nashangaa watu wanatoka Tanga au Lamu wanaenda kuandika juu ya Bahari ya Kusini ya China ambayo imeshaandikwa na kila mtu.

Hela: skolashipu nyingi za vyuo hivi zinataka barua ya mwajiri, hasa ukiwa serikalini, na barua ya ofisini kwetu unaijua safari yake, anza kuifuatilia mapema sana. Kuhusu baridi ya Malmö sisemi kitu, Desemba saa kumi jioni ni usiku.

La mwisho, kusanya nyaraka za nyumbani ukiwa bado nyumbani. Sheria ya Tanzania ya 1989 ya bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi na kanuni zake, matangazo ya Gazeti la Serikali, barua za wizara kama watakupa. Mkataba na hukumu utavipata mtandaoni dakika mbili, ila tangazo la zamani la Gazeti la Serikali ukiwa ughaibuni utamsumbua binamu yako mpaka aache kupokea simu.