Kabla Hujaenda Serengeti, Kaa Kwanza Chini ya Mkuyu

Kila mwaka wanafunzi wa ikolojia hunijia na ombi lile lile: wanataka kuchunguza simba au tembo. Nawaelewa, nami nilianza hivyo. Siku hizi nawapeleka Luchelele, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwenye mkuyu uliochipuka katika ufa wa jabali hadi mizizi ikalikumbatia jiwe zima. Nawauliza: huu aliupanda nani?

Swali hilo niliulizwa mimi kwanza, na mzee mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pale. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba," akafurahi, tukaanza maongezi. Nilikuwa na shahada, lakini jibu sikuwa nalo. "Popo, mwanangu," akasema. "Anakula usiku, mbegu anaziangusha huko juu."

Basi chagua mti mmoja ulio karibu na kwenu. Uendee alfajiri, jioni na usiku, kwa miezi. Andika nani kaja, kala nini, kaelekea wapi. Siku ambayo hakuja yeyote iandike pia, maana nayo ni data. Na usidhani kila mlaji ni mpanzi. Ninga hujazana kwenye makuyu yaliyoiva, lakini kama njiwa wengi, firigisi yake ina nguvu ya kusaga mbegu. Popo humeza mbegu ndogo na kuzitoa nzima, mbali na mti mama.

Siku nyingine chukua wembe, pasua kuyu bichi. Maua yote yamo ndani, wala huyaoni kwa nje. Kwenye kitundu cha kileleni, ukibahatika, utakuta vipande vya mbawa za nyigu mdogo kuliko sisimizi. Jike hujipenyeza humo kutaga, na mlango ni mwembamba kiasi kwamba mbawa hukatika. Huyo ndiye mchavushaji. Jamii za mikuyu kwa kawaida zina nyigu wao maalumu, ndiyo maana dawa ya wadudu inayopulizwa ovyo shambani kando ya mti hunitia hofu kuliko panga. Panga tunaliona.

Sasa kosa langu. Msimu wangu wa kwanza nilikusanya kinyesi cha tumbili, nikakiosha kwenye chujio la chai, nikapanda mbegu nilizozipata. Zikaota vizuri mno! Nikamkimbilia msimamizi wangu na picha. Akazitazama, akaniuliza, "Na zile ambazo hazikupita tumboni?" Sikuwa nimepanda hata moja. Msimu mzima ulipotea, na nililia.

Tangu hapo napanda mafungu matatu: tunda zima, mbegu zilizosafishwa kwa mkono, na mbegu za kwenye kinyesi. Udongo uwe mmoja, kivuli kimoja, maji sawa. Fungu la pili ndilo watu hulisahau, na ndilo lenye jibu. Mara nyingine kinachoisaidia mbegu si tumbo, ni kuondolewa tu nyama ya tunda, ambayo huizuia isiote au huleta ukungu. Usipokuwa na fungu hilo, utamsifu tumbili kwa kazi ya maji.

Vaa glavu na barakoa unapogusa kinyesi, na usiingie kwenye mapango ya popo. Ukitaka kufanya kazi Saanane au Rubondo, visiwa vya Ziwa Victoria ambavyo ni hifadhi za taifa, shughulikia mapema sana vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori).

Rubondo kuna sokwe, uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Wageni huuliza wamefika wangapi. Mimi huuliza wanakula matunda gani, na mbegu zinaangukia wapi. Mnyama akitoweka, mti wake unaweza kusimama miaka mingi bado, ukizaa kila msimu, na matunda yakaozea pale pale chini. Ukipita kwa gari utasema msitu ni mzima.

Wiki iliyopita, saa nne usiku, mwanafunzi wangu mmoja alinipigia kutoka Luchelele. Alikuwa ananong'ona: "Mwalimu, wamekuja."