Maswali yenu kuhusu wasiwasi na terapia

Swali: Kuongea tu kunatibu wasiwasi kweli? Si bora nimeze dawa?

Ingekuwa kuongea tu, marafiki zako wangeshakuponya zamani. Terapia iliyofanyiwa utafiti sana kwa wasiwasi ni CBT, yaani terapia ya kubadili fikra na tabia, na humo kazi ni nyingi kuliko stori: unaandika unachoogopa kitatokea, unaenda kukifanya, mnaangalia kilichotokea kweli. Dawa nazo zinasaidia na wengine wanatumia vyote viwili, tatizo ukiziacha wasiwasi unaweza kurudi, so usiziache ghafla bila daktari.

Swali: Huwa hofu inanivamia ghafla, moyo unaenda mbio naona kabisa nakufa. Terapisti kaniambia nizunguke kwenye kiti mpaka nipate kizunguzungu. Yuko siriasi huyu?

Yuko siriasi na yuko sahihi. Wewe sasa hivi unaogopa dalili zenyewe, moyo ukidunda unawaza "nakufa", hofu inapanda, moyo unadunda zaidi, basi inakuwa mzunguko huohuo. Ndo maana mnaziita dalili makusudi, unazunguka kwenye kiti, unapumua kwa mrija mwembamba umebana pua, unakimbia hapohapo ulipo dakika nzima, mpaka ubongo uelewe kumbe kizunguzungu ni kizunguzungu tu. Hofu ya hivyo hufika kileleni ndani ya dakika chache alafu inashuka yenyewe. Ila kama una shida ya moyo, pumu, kifafa au ni mjamzito, daktari akucheki kwanza!

Swali: Naogopa lifti, napanda zangu ngazi. Kuna ubaya?

Kama ni ghorofa ya pili, wala. Ila kila ukikwepa unapata ahueni, na ahueni hiyo ndo inailisha hofu. Anza kusimama karibu na lifti, kisha ingia mlango ukiwa wazi, kisha ghorofa moja, rudia mpaka uanze kuboreka. Na hiyo simu unayoishikilia "just in case" iweke mfukoni, nayo ni kukwepa kwa ujanja. Si mambo mapya haya, daktari wa akili Joseph Wolpe aliandika kuhusu kuzoea hofu hatua kwa hatua tangu 1958.

Swali: Inachukua muda gani?

Mara nyingi vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki. Hofu ya kitu kimoja kama buibui inaweza kuisha hata kwa kikao kimoja kirefu cha masaa kama matatu. Miezi ikikatika hujapewa homuweki hata moja, muulize terapisti mpango wake ni upi, asipokuwa na jibu tafuta mwingine.

Swali: Kwa video inafaa?

Inafaa. Ila lifti utaipanda mwenyewe.