Uliza Ujibiwe: Nina siku moja tu Kyoto, Higashiyama nitembee vipi?

Swali: Dada shikamoo. Mwezi wa 11 nitakuwa Osaka kikazi na nina siku moja tu ya mapumziko, nataka niitumie Kyoto kwenye mahekalu. Listi yangu iko hivi: Kinkaku-ji, Arashiyama, Fushimi Inari, Kiyomizu-dera, Ginkaku-ji, Nanzen-ji, halafu jioni nimalizie Gion niwaone wale akina dada wa kimono. Rafiki yangu anasema haiwezekani, mimi naona nikiamka mapema mbona inawezekana tu. Nani yuko sahihi? – Mwenye Siku Moja

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi, sikuzungushi. Kinkaku-ji iko kaskazini magharibi, Arashiyama ni magharibi kabisa, Fushimi Inari kusini, Kiyomizu mashariki, sasa ukianza kuziunganisha hizo siku nzima itaishia kwenye basi umesimama, na mabasi ya Kyoto msimu wa majani mekundu ndio yale mawili matatu yanakupita yamejaa mpaka mlangoni. Mimi safari yangu ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, na mpaka leo kwenye simu nina picha za mageti mazuri sana ambayo siwezi kukwambia ni ya hekalu gani, na inaniuma kwa sababu nililipa nauli ya ndege kuja kuyaona.

Chukua eneo moja. Chukua Higashiyama, maana yake mlima wa mashariki, anzia Kiyomizu-dera juu halafu ushuke taratibu kuelekea kaskazini mpaka hekalu la Chion-in. Ni kilomita 2 na kidogo tu, mtu mwenye haraka anazimaliza kwa nusu saa na ushee, wewe nataka zikuchukue mpaka saa 9 mchana.

Kutoka Osaka usihangaike na stesheni kubwa ya Kyoto halafu basi. Panda treni ya Keihan pale Yodoyabashi, ile ya haraka haisimami Kiyomizu-Gojo kwa hiyo utabadilisha njiani upande ya kawaida, ukishuka ni kupandisha kilima kwa mguu dakika 20 na kitu. Toka alfajiri. Kiyomizu-dera inafungua saa 12 asubuhi, kiingilio yen 500, na saa hiyo maduka yote ya njiani bado yamefungwa, unasikia fagio tu zinafagia majani na labda kunguru. Ikifika saa 4 hiyo njia huwezi kunyoosha mkono bila kumgusa mtu.

Hekalu lilianzishwa mwaka 778 lakini ukumbi utakaouona ni wa 1633, uliwahi kuungua na kujengwa tena mara nyingi. Watu wanakimbilia lile jukwaa la mbao, wanapiga picha, wanaondoka. Usiondoke. Fuata njia inayoshuka mpaka chini ya jukwaa, simama, inua kichwa, hapo ndipo kazi ilipo: nguzo nene za mti wanaouita keyaki, na boriti zimepenya katikati ya nguzo zikakazwa kwa kabari, hakuna msumari hata mmoja unaoshika hilo umbo, na jukwaa liko mita 13 juu yako limebeba maelfu ya watu kila siku. Enzi za Edo, yaani 1603 mpaka 1868, watu walikuwa wanaruka kutoka pale juu, waliamini ukiruka ukapona ombi lako linajibiwa, na kumbukumbu za hekalu zinahesabu watu 234 walioruka, wengi wao, zaidi ya asilimia 80, walipona. Serikali ikapiga marufuku 1872. Mpaka leo Mjapani akiamua jambo zito, kuacha kazi au kununua nyumba, anasema anaruka kutoka jukwaa la Kiyomizu.

Hapo chini kuna maji ya Otowa, na ndiyo yaliyolipa hekalu jina, Kiyomizu ni maji safi. Yanaanguka kwa mikondo mitatu na unayakinga kwa kata yenye mpini mrefu, kata zenyewe zinatunzwa kwenye kabati lenye taa ya kuua vijidudu. Mikondo hiyo watu wanaihusisha na masomo, mapenzi na umri mrefu, kila mtu na wake. Kunywa mmoja, kunywa yote mitatu wanaona ni tamaa.

Ukitoka shuka Sannenzaka. Ni ngazi za mawe, na wazee wa pale wanasema ukijikwaa ukaanguka hapo hutamaliza miaka mitatu, dawa yake ni kununua kibuyu, na kweli pale chini ya ngazi kuna duka la vibuyu, vikubwa kwa vidogo mpaka vya kutundika kwenye funguo. Ikinyesha mawe yanateleza kwelikweli, kwa hiyo hata kama huamini hayo maneno shika ukuta. Inayofuata ni Ninenzaka, nyumba za mbao zimebanana, mapaa ya vigae vya kijivu, na mtaa mzima umelindwa kisheria tangu 1976 ndio maana haujavunjwa ukawekwa hoteli za vioo. Ingia popote penye chai. Matcha, ile chai ya kijani ya unga, inakuja na kitamutamu kidogo, kitangulize mdomoni ndio unywe, ule uchungu wa chai unakaa vizuri. Madukani wanauza yatsuhashi, unga wa mchele na mdalasini, laini, ndani wameweka maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, harufu ya mdalasini utaisikia kabla hujaliona duka. Ukinunua kitu cha kula, kula palepale umesimama mbele ya duka, kutembea huku unatafuna hawapendi, na takataka weka kwenye begi maana pipa la taka utalitafuta mpaka uchoke.

Mnara wa Yasaka wenye mapaa matano, mita 46, umejengwa upya 1440, utauona ukitokeza katikati ya nyumba. Piga picha yako, endelea.

Muda wako mrefu uweke Kodai-ji. Hekalu hili lilijengwa 1606 na mwanamke, Nene, mke wa Toyotomi Hideyoshi, yule aliyeiunganisha Japani baada ya vita vya muda mrefu. Mume alifariki 1598, Nene akanyoa nywele akawa mtawa, akajenga hapa pa kumkumbuka mumewe, na yeye mwenyewe alipofariki 1624 akazikwa hapohapo. Barabara ya mbele bado inaitwa njia ya Nene. Ndani ya jengo la kumbukumbu kuna mbao za rangi nyeusi inayong'aa zilizochorwa mimea kwa unga wa dhahabu, kwenye mwanga hafifu dhahabu inakuja taratibu jicho likizoea, kwa hiyo ukichungulia sekunde mbili ukaondoka hutaona kitu. Halafu vua viatu, kaa kwenye baraza la mbao mbele ya bustani ya changarawe. Kaa tu. Mimi dakika kumi za kwanza nilikuwa nawaza treni ya kurudi, baadaye nikaanza kuona kwamba mistari ya reki kwenye changarawe haiko sawa kila mahali, mahali fulani mtu aligeuka akaanza upya.

Kutoka hapo pita bustani ya Maruyama utokee Chion-in. Geti lake la 1621 lina urefu wa mita 24, ukisimama chini unajiona mdogo. Kuna kengele ya 1636 ya tani 70 hivi, na kuipiga kunataka watawa 17: 16 wanavuta kamba pamoja, mmoja ameshika kamba yake ananing'inia na kujirusha kinyumenyume mpaka mgongo unakaribia ardhi. Usiku wa tarehe 31 Desemba wanaipiga mara 108. Siku yako haitalia, lakini nenda ukaione. Na kwenye zile veranda za mbao tembea polepole usikilize, sakafu inalia kama ndege kila ukikanyaga.

Gion jioni sawa, ila jua hili: wengi wa kimono uliowaona Ninenzaka mchana ni wageni kama wewe, wamekodi. Maiko wa kweli, yaani binti anayejifunza kazi ya ugeisha, anatoka kwenda kazini jioni, anatembea haraka kwa sababu ana miadi. Usimfuate, usimzibie njia kwa ajili ya picha. Vichochoro binafsi vimefungiwa watalii tangu 2024, na kuna vibao vya faini ya yen 10,000. Kama moyo bado unakwenda Fushimi Inari, iko kwenye njia hiyohiyo ya Keihan kurudi Osaka na haifungwi usiku. Hizo nyingine ziache, tena ziache kabisa, usizipitie hata kwa teksi.

Swali: Mwanangu, mimi nina miaka 68 na magoti yangu si mazuri. Binti yangu ananipeleka Kyoto na mimi napenda sana kuyaona hayo mahekalu, ila nasikia ni ngazi juu ya ngazi. Nisije nikamharibia mtoto safari. – Mama wa Magoti

Jibu: Shikamoo mama. Huharibu safari ya mtu, tutageuza njia tu. Usianzie Kiyomizu ukashuka Sannenzaka, zile ngazi si zako. Anzia Yasaka, si ule mnara, ni ile jinja, yaani hekalu la Kishinto, ya geti jekundu mwisho wa barabara ya Shijo, haina kiingilio na iko wazi usiku na mchana, ukitokea nyuma yake uko Maruyama ambako kuna mabenchi na kidimbwi na miti, pumzika hapo hata saa nzima. Kisha Chion-in. Nyuma ya geti kubwa utaona ngazi za kutisha zinaitwa njia ya wanaume, usizitazame mara mbili, pembeni yake kuna njia ya wanawake, inapanda kwa mteremko mpole. Nayo ipande kwa vituo.

Kiyomizu nayo ukiitaka sana, teksi mpaka karibu na juu, mkifika getini binti aulize njia isiyo na ngazi, ipo. Fanyeni asubuhi kabla ya watu kujaa, goti linauma zaidi ukisukumwasukumwa.

Na viatu mama. Utavua na kuvaa mara nyingi, vaa vya kuchomeka mguu tu bila kuinama kufunga kamba, na soksi nzito kidogo maana sakafu za mbao mwezi wa 11 ni baridi.

Swali: Mambo. Mimi ni Muislamu, nataka kuona majengo na historia lakini sitaki kufanya ibada isiyo yangu. Naruhusiwa kuingia? Na chakula je? – Abuu

Jibu: Poa Abuu. Unaingia bila shida, hakuna anayekulazimisha kuinama wala kuchoma ubani, unachotakiwa ni kutulia na kukaa pembeni ya wanaosali, usipite mbele yao. Ujue tu uko wapi: hekalu la Kibudha wanaita tera, la Kishinto wanaita jinja na utalijua kwa lile lango la nguzo mbili wanaloita torii. Utaona watu wa jinja wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama tena. Kwenye tera hawapigi makofi.

Chakula uwe makini kuliko unavyodhani. Kuna mapishi ya watawa, shojin ryori, hayana nyama wala samaki na mazuri mno, ila jikoni Japani wanatumia mirin na sake kama sisi tunavyotumia chumvi, na hizo ni pombe, kwa hiyo hata sahani ya mboga tupu uliza kabla. Tofu ya moto ya maeneo ya Nanzen-ji ni maarufu, uliza pia ile sosi ya kuchovyea ina nini. Sentensi yako ya swali iandike kwa Kijapani kwenye simu kabla hujatoka hotelini.

Swali: Dada, nilipita Kiyomizu nikaona visanamu vingi vya mawe vimevalishwa bibu nyekundu kama watoto wachanga. Nilipiga picha nikicheka, halafu bibi mmoja pembeni yangu alikuwa anafuta machozi. Nilikosea nini? – Nina Swali

Jibu: Mpenzi, hao ni Jizo. Kwa Wabudha wa Japani Jizo ni mlinzi wa wasafiri na wa watoto, na hasa watoto waliotangulia, pamoja na wale ambao hawakuzaliwa wakawa hai. Bibu wanavalishwa na wazazi, au bibi, au mtu tu aliyeamua kutunza. Wengi wa pale Kiyomizu waliletwa kutoka mitaani Kyoto miaka ya baada ya 1868, sanamu za Kibudha zilipokuwa zinavunjwa, watu hawakukubali wa kwao watupwe.

Ukichuchumaa karibu utaona sura nyingi zimefutika na mvua, pua haipo, macho ni alama tu, lakini bibu ni mpya, fundo la nyuma limefungwa vizuri, na mbele ya baadhi yao kuna sarafu ya yen 5 yenye tundu katikati. Hukujua, sasa umejua. Picha ifute au ibaki nayo, ni yako, ila ukirudi pale simama kidogo kimya, na kama yule bibi yupo, inamisha kichwa tu, ataelewa.