Utando Kuwa Mwangavu Hakutoshi

Vijana wa hapa Malindi wakiniletea utando wa wanga wa muhogo na kitosani, ile itokanayo na maganda ya kamba wa Ghuba ya Ungwana, huuinua kwanza juani. "Mwalimu, tazama, mwanga unapita. Zimechanganyika hizi." Mimi huwajibu: mwanga unapita, sawa. Hayo mengine bado.

Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700 hivi. Polima, yaani molekuli ndefu kama wanga na kitosani, zikijitenga katika vitone vidogo kuliko hapo, au zote mbili zikipinda mwanga kwa kiasi kile kile, jicho halitaona kitu. Na kujitenga ndiyo kawaida: molekuli ndefu hazinufaiki sana kwa kuchanganyika, kwa hiyo pasipo mvutano kati yao kila aina hujikusanya upande wake. Mwanasayansi Mholanzi Beijerinck aliliona hilo tangu 1896 kwa gelatini (protini ya ngozi na mifupa) na wanga ndani ya maji.

Ushauri wangu: anza kupima kabla hujamwaga utando. Tia mchanganyiko kwenye chupa nyembamba, ufunike, uuache utulie, na kando yake weka chupa ya kila polima peke yake. Wengi huziruka chupa hizo za kando, nami naona ndizo zenye maana kuliko zote, maana wanga uliopikwa hufanya ukungu wenyewe ukipoa, hata bila mwenziwe. Gelatini nayo iweke kwenye maji ya nyuzi 40 hivi. Ikiganda, tabaka hazipati nafasi ya kuachana na utadhani mambo ni shwari. Ukiona tabaka mbili kama tui lililokatika, jibu umepata bila kulipia maabara.

Kwa utando wa gelatini na wanga, dondoshea iodini iliyozimuliwa, kisha utazame kwa hadubini ya shule. Buluu iliyoenea sawasawa ni dalili njema, mabakamabaka, sivyo. Kwenye kitosani usiutegemee mtihani huu, kwani nayo hushika iodini.

Kuna wanaomimina alginati ya mwani ndani ya kitosani, wakaona madonge papo hapo, wakaandika kwamba zimekataana. La! Moja ina chaji hasi, nyingine chanya. Zimeng'ang'aniana kupita kiasi.

Ukibahatika kufika maabara, omba kipimo cha joto la mpito wa kioo, yaani joto ambalo polima iliyo ngumu kama kioo huanza kulainika. Mpito mmoja, ulio kati ya mipito ya polima zenyewe, waonyesha zimechanganyika; ikibaki miwili, kila moja iko kivyake. Mipito ya asili ikikaribiana mno, kipimo hakitakusaidia. Tena hewa yetu ya pwani ina unyevu, na maji hushusha joto hilo, kama ifanyavyo glisarini tunayotia ili kulainisha utando. Basi tia glisarini kwa uwiano ule ule katika kila utando, na uvikaushe vipande vyote pamoja kwenye kopo moja lenye silika ya kufyonza unyevu. Kwa kuwa mpito wa kitosani ni mgumu kuonekana, vipande hivyo hivyo vipimwe pia kwa infraredi, mwanga usioonekana unaodokeza kama molekuli zimeshikana, pamoja na utando wa kila polima peke yake.