Maswali ya Wasomaji: Imani Wakati wa Dhiki

SWALI: Nimepoteza kazi, na sasa ndoa nayo inayumba. Kila nikipiga magoti, kinachonijia ni hasira. Nikimlalamikia Mungu, si nitakuwa ninakufuru?

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Kati ya Zaburi 150, karibu theluthi moja ni za maombolezo, na watu wa Mungu waliziimba ibadani. Wana wa Israeli walikemewa kwa kunung'unika hemani mwao, yaani walimsema Mungu pembeni. Mwombolezaji humwambia Mungu mwenyewe, na hapo ndipo tofauti ilipo.

Anza na Zaburi ya 13, kwa sababu ni fupi na mpangilio wake unaonekana wazi. Ina mistari sita. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na neno "hata lini" limo mara nne. Miwili inayofuata ni ombi, na miwili ya mwisho ni tumaini. Chukua karatasi uandike ya kwako kwa mpangilio huohuo, dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Taja mambo kwa majina yake. Ukiandika "Bwana, niondolee changamoto zangu", utainuka ukiwa na uzito uleule, maana hujasema lolote. Andika kwamba kodi ya nyumba imefika na huna fedha, kwamba mwenzako hasemi nawe tangu Jumapili, kwamba unaona aibu kukutana na uliofanya nao kazi.

Wengi hukosea kwenye sehemu ya tatu, ile ya tumaini. Wanairukia haraka kwa kuogopa kuonekana hawana imani, na sifa zinatoka mdomoni tu. Kama leo huna neno la tumaini, usilibuni. Zaburi ya 88 inaishia gizani, wala hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Ishia kwenye ombi, weka tarehe, rudi kesho.

SWALI: Mhubiri anasema mateso hukuza imani. Mimi yangu naona inapungua. Nina kasoro gani?

JIBU: Huenda huna kasoro yoyote. Mateso peke yake hayamkuzi mtu, na wapo yaliowaacha na uchungu mtupu. Soma tena Warumi 5:3-4: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Tumaini limekuja mwisho, baada ya saburi. Wewe unajipima kwa tumaini ungali kwenye hatua ya kwanza, ndiyo maana unajiona umeshindwa.

Saburi hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa. Soma mistari michache kila siku kwa saa ileile, si sura tano kwa siku moja kisha wiki nzima bila kitu. Sali sala fupi unayoijua kwa moyo, hata Baba Yetu peke yake, siku maneno yako yakikauka. Usiache kwenda ibadani, hata kama utaketi nyuma bila kuimba. Aibu ndiyo huwatenga watu na kanisa wakati wanapolihitaji zaidi. Mtafute mtu mmoja anayetunza siri, mkutane kila wiki, akuulize hali yako bila kukuhubiria.

Mwili nao usiusahau. Nabii Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, huko kwenye mlima Horebu. Kwa hiyo kula, lala, tembea kidogo. Na kama huzuni haijaachia kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika na hakuna kinachokupa furaha, nenda kwa daktari. Ukipata mawazo ya kujiua, usingoje: mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kutibiwa hakupunguzi imani hata chembe.

Nawe andika maombolezo yako kama tulivyoeleza katika jibu la kwanza, na baada ya miezi mitatu hivi, soma ulichokuwa ukiandika. Usitafute furaha kwanza. Angalia kama sasa unasema ukweli mapema zaidi, kama unapokea msaada bila kuona haya, kama unawavumilia walio dhaifu zaidi ya ulivyofanya zamani. Huko ndiko kukua, na mara nyingi wengine huona hivyo kabla yako.

SWALI: Rafiki yangu amefiwa na mtoto. Nimwambie nini?

JIBU: Maneno machache mno. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba usiku na mchana bila kusema, na hilo walilifanya vema. Walipoanza kueleza sababu za msiba ndipo walipomkosea yeye na Mungu pia. Epuka "Mungu alimpenda zaidi", na hata Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwatendea mema wampendao, usimtwishe mama anayelia. Ni neno la kweli, lakini aachwe alifikie mwenyewe.

Mpe pole, mtaje mtoto kwa jina lake, lia naye. Usiseme "ukihitaji kitu niambie", maana unamwachia kazi ya kufikiri na kuomba. Sema "kesho saa kumi naleta chakula", ukalete. Halafu weka alama kwenye kalenda: wiki ya sita baada ya maziko, na siku ya kuzaliwa ya mtoto. Wakati huo wageni wengi wameshaondoka, kwa hiyo mpigie simu au mtembelee.