Bidoni isiruke mkononi

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa na tukio dogo: msichana anainua bidoni ya maji ufukweni mwa Ziwa Kivu, anapiga hatua sita, anaitua juu ya jiwe jeusi la volkano. Sekunde nane tu, nazo zilinila wiki mbili. Kila alipoiachia, bidoni ilichomoka ikarudi ziwani ilikotoka.

Katika Blender, programu ya kompyuta ninayotengenezea katuni, kitu kinachomfuata kingine huitwa mtoto, na kinachofuatwa huitwa mzazi; nacho hakibadilishi mzazi katikati ya tukio. Ukiifanya bidoni kuwa mtoto wa mkono, ni mtoto wake tangu fremu (picha moja moja ya katuni) ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo maana tunatumia kifungo (constraint) kiitwacho Child Of, kinachofunga kitu kimoja kwa kingine kwa muda unaoutaka. Nguvu yake (Influence) ikiwa 0, bidoni iko huru. Ikiwa 1, inaufuata mkono. Weka alama (keyframe) ya 0 kwenye fremu 39 na ya 1 kwenye fremu 40, zikae bega kwa bega. Ukiziachanisha kwa fremu kumi, bidoni itaelea yenyewe kuufuata mkono. Na hapo kwenye 40, vidole vikiwa vimeshashika mshikio, bonyeza Set Inverse, ili bidoni ibaki ilipo isiruke.

Kuachia ndiko kunakowakatisha tamaa vijana wengi ninaowasaidia hapa Goma. Bidoni inakumbuka mahali pake pa zamani. Nguvu ikishuka, inarudi huko. Basi fuata mpangilio huu. Fremu moja kabla ya kuachia, weka alama za mahali, mzunguko na nguvu ya 1. Sogea fremu moja mbele, nenda kwenye menyu ya Object, Apply, Visual Transform, ili mahali bidoni inapoonekana pawe mahali pake halisi. Bidoni itaruka mbali kwenye skrini. Usiogope wala usifute kitu: shusha nguvu hadi 0 nayo itatulia palepale ilipokuwa mkononi. Sasa weka alama zote tatu tena.

Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ni habari nyingine. Mikono miwili iko kwenye usukani mmoja. Ukiifunga chukudu kwenye mkono wa kulia, wa kushoto utateleza. Hapo geuza: chukudu itangulie, mikono ndiyo iufuate usukani. Kabla ya kugusa kompyuta jiulize nani anamvuta mwenzake, maana kubadili baadaye ni kuanza upya.

Halafu kuna uzito, na huo hakuna kifungo kitakachokupa. Bidoni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji. Nenda Kituku, ufukweni mwa ziwa hapa Goma, ukawatazame wachotaji wa maji: mwili unalalia upande wa pili, mkono mtupu unatanuka, hatua zinafupika. Wakati wa kutua, magoti hukunja kwanza. Kwa hiyo mimi nazima kifungo fremu ileile kitako cha bidoni kinapogusa jiwe, lakini vidole naviacha vimefumba fremu tatu zaidi. Ndipo vinafunguka, na bega lililokuwa limevutwa chini linapanda polepole.